Yadi Kumi za Mzee Barasa

Nyinyi mnaopita hapa dukani kwa mke wangu na mikataba yenu ya Saudia mkononi, mnaniuliza swali moja tu: "Mzee Mutiso, wewe kule ulikuwa unafanya kazi gani hasa?" Mnatarajia niseme dereva, au soja wa geti. Nilikuwa mtunza uwanja. Nilimwagilia nyasi, nikapaka mistari, na siku za mechi nikashika mti. Chekeni tu. Hata mke wangu alicheka nilipompigia simu kumwambia kwamba nimepandishwa ndege hadi Riyadh kwenda kushika mti. Nilifanya kazi hiyo miaka sita, na kazi yenyewe siijutii. Ninachokijutia ni kitu kingine, nacho nitakifikia, lakini mniache nifike kwa mwendo wangu.

Kwanza maji. Nyasi za kule hunyweshwa maji yanayoletwa na lori la tangi, na si kila lori ni la kuaminika. Likikuletea maji ya chumvi, baada ya siku tatu uwanja wote umekuwa wa kahawia na wewe ndiye unayeitwa ofisini. Mimi nilikuwa nimetunza kiwanja cha shule huko Machakos karibu miaka ishirini, kwa hiyo nilijiona fundi. Lori la kwanza lilipofika nilikinga kiganja, nikaonja, nikatema, nikatangaza kwamba maji ni mazuri. Mzee mmoja Mkenya aliyekuwa akikunja mpira wa maji karibu yangu aliniangalia kwa huruma.

"Ndugu yangu, hayo ni maji ya vyoo vya mji mzima," akasema. "Yamesafishwa, lakini ndiyo hayo. Hapa hatuonji."

Kisha akanionyesha namna ya kuyapima. Unamwaga matone machache juu ya boneti ya lori, jua la Riyadh linayakausha kabla hujahesabu hadi thelathini, na yakiacha unga mweupe unamwambia dereva ageuze arudi alikotoka. Mzee huyo ndiye Barasa. Alikuwa mtu wa Bungoma, amepita miaka hamsini, na kabla ya Saudia alitunza uwanja wa kiwanda cha sukari. Tulilala chumba kimoja pale Al-Murabba, sisi wawili na Wanepali wanne. Usiku huo nilisukutua mdomo mpaka ufizi ukauma, na yeye akiwa amelala kitandani mwake nilimsikia akicheka kimyakimya.

Msidhani nilijifunza haraka. Mwezi wangu wa pili nilipaka mistari kwa rangi ya mafuta, ile ya milango, kwa sababu niliikuta stoo na ilionekana nyeupe zaidi. Ilikataa kukauka. Wanafunzi wa chuo chenye uwanja ule walicheza nusu saa, wakatoka uwanjani makalio meupe kana kwamba wamekalia unga wa chapati. Bosi alipokuja juu kuuliza ni nani aliyefanya hivyo, Barasa alijibu kwamba mkebe ulikuwa mbovu. Jioni tulikaa wawili tukikata nyasi zile zilizopakwa rangi kwa mkasi, mstari kwa mstari, wala hakunisema. Alitaka tu kujua kama kwetu Machakos watu hupaka shamba kwa rangi ya mlango.

Sasa mchezo wenyewe. Vijana wa Riyadh waliokwenda kusoma Amerika walirudi na mpira wa kule, ule wa kubebwa mikononi, wenye umbo la papai dogo. Huvaa kofia ngumu zenye vyuma mbele ya uso, mabega yamejazwa sponji, halafu wanagongana. Siku ya kwanza nilidhani ni ugomvi nikataka kuita soja. Vyuo viwili vitatu viliunda timu, na kampuni yetu, iliyokuwa na kazi ya kutunza viwanja vya chuo kimoja, ikalazimika kujifunza.

Mnachohitaji kujua ni kimoja. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza yadi kumi. Ikifika, inapewa manne mengine. Isipofika, mpira ni wa wapinzani. Na kazi ya kujua kama imefika au haikufika ilikuwa yetu. Kando ya uwanja tulisimama na miti miwili ya rangi ya machungwa iliyounganishwa kwa cheni yenye urefu wa yadi kumi kamili. Mimi nilishika mti wa nyuma, Barasa wa mbele. Ikitokea shaka, refa anatuita ndani, tunaingia mbio na cheni yetu, tunainyoosha kando ya mpira mbele ya watu wote.

Kuna kibanio kidogo ambacho unakifunga kwenye cheni, pale inapopita juu ya mstari mmoja uliochorwa uwanjani, ili mkihamia katikati ya uwanja mjue pa kuanzia. Ukikifunga vibaya umeharibu kila kitu. Barasa alikagua kibanio changu baada ya kila jaribio kwa mwaka mzima. Alinifundisha kutoutazama mpira hata kelele zikipanda, nitazame mguu wangu na mti wangu. Alinifundisha pia kwamba vijana wale wakija mbio upande wetu niuangushe mti na kurudi nyuma, kwa sababu mti hauvunjiki mbavu.

"Hapa hakuna mtu anatuona," aliniambia mara moja. "Wanaona tu cheni. So cheni isidanganye."

Nije kwa bosi. Kafili wetu, yaani mdhamini wa vibali vyetu, tulimwita Abu Turki, kwa jina la mwanawe Turki, naye Turki alikuwa ndiye mbeba mpira mkuu wa timu ya chuo chetu. Bosi hakukosa mechi hata moja. Alikuja na birika lake la kahawa na kiti cha kukunja, akakaa karibu nasi, na uso wake ulionyesha hali ya mechi kuliko ubao wa mabao.

Hapo ndipo ulipozaliwa ule mtindo wetu. Pasipoti zetu zilikuwa ofisini, na hakuna aliyeweza kutoka nchini bila karatasi ya huruji iliyotiwa saini na kafili. Mnepali mmoja wa chumbani kwetu aliomba likizo siku mbili baada ya timu kushinda kwa mabao mengi, akapewa bila swali. Mganda wa stoo aliomba baada ya timu kufungwa, akaambiwa "bukra", kesho, na hiyo bukra ilichukua miezi mitano. Basi kambi nzima ikaweka sheria: mwenye ombi angoje ushindi. Watu ambao hawakujua hata mpira unashikwaje walisimama uani Ijumaa wakisubiri tupige simu kuwaambia matokeo. Wakisikia tumeshinda, jioni utawaona wanatafuta kalamu. Na mimi, kwa kuwa nilisimama karibu na kiti cha bosi, niligeuka mtaalamu. Watu walinijia kuniuliza hali ya hewa ya bosi. Nilipenda cheo hicho, siwafichi, na niliwajibu kwa maringo.

Mwaka ule timu yetu ilifika fainali. Vijana waliiita Bakuli, na zawadi ilikuwa bakuli kweli, la shaba, kubwa la kutosha kupakulia wali wa watu ishirini. Barasa alipoliona kwenye picha aliuliza kama nyama itakuwa ndani. Ulikuwa utani wake wa mwisho kwa muda mrefu, kwa sababu wiki ileile dada yake alipiga simu kutoka nyumbani.

Mama yao alikuwa amelazwa, akarudishwa nyumbani. Madaktari walikuwa wamesema hapana la kufanya zaidi. Barasa ndiye mwana wa kiume pekee, na miaka saba mama hakuwa amemwona. Dada alimwekea mama simu sikioni, na kikongwe yule akasema maneno ambayo Barasa alinirudia tukiwa tumekaa kitandani, sauti yake imekauka: "Nitakungoja. Lakini usikawie, mwanangu, nimechoka kungoja."

Asubuhi yake aliandika ombi, akalituma na dereva kwa Ustadh Hatim, Msudani aliyekuwa karani wa bosi. Jibu lilikuja kwa mdomo: baada ya mechi, inshallah. Fainali ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo, kule Jeddah, na hakukuwa na mwingine wa kushika mti wa mbele. Barasa aliona ni haki. Mimi nilimwambia, kwa utaalamu wangu, "Tukishinda Ijumaa, Jumapili uko airport."

Tulikwenda kwa basi la kampuni, siku nzima ya mchanga, tukalala Al-Mahjar kwenye nyumba ya wafanyakazi ambamo kila dirisha lilinukia samaki wa mtu mwingine. Ijumaa baada ya sala ya alasiri mechi ikaanza. Jeddah kuna unyevu, mti unateleza mkononi. Jifunzeni kufunga kitambaa.

Sijaona mechi kama ile. Hawa wakipata, wale wanapata. Wale wakiangushwa, hawa nao wanaangushwa. Kila mara tukidhani imekwisha inaanza upya. Nahodha wa Jeddah alikuwa amelalamika mapema kwamba washika cheni ni watu wa Riyadh, na refa, mwalimu mmoja Mkanada, akatutazama kisha akasema anatujua. Bosi kahawa yake ilipoa bila kuguswa. Barasa hakuutazama mpira hata mara moja. Niliona midomo yake inacheza, nikajua anaomba, na mimi nikaanza kuomba pia, ingawa sikuwahi kumwombea Mungu mambo ya mpira.

Ikabaki chini ya dakika moja. Jeddah ishirini na moja, sisi ishirini. Mpira ni wetu, karibu kabisa na mahali pa kufunga, jaribio la nne. Tukifika yadi kumi tunapata majaribio mengine na mchezo ni wetu. Turki akaubeba, akajitupa katikati ya miili, lundo likaanguka juu yake. Refa akawachomoa mmojammoja, akauweka mpira pale ulipokomea, akainama, akainuka, akatuashiria tuingie na cheni.

Tuliingia mbio. Refa akakishika kibanio juu ya mstari, mimi nikausimamisha mti wangu, Barasa akaenda mbele na wake. Cheni ilikuwa bado haijanyooka sawasawa. Nilikuwa naona vizuri: ikiachwa vile ilivyo, na tumbo dogo tu katikati, ncha ya mpira inaupita mti. Nani angejua? Nikamwambia kwa Kiswahili, sauti ya chini, na pale uwanjani hakuna mwingine aliyeelewa lugha yetu.

"Mzee, legeza. Legeza kidogo tu."

Hakunitazama. Alikuwa amepiga goti chini, jasho linamtiririka puani.

"Mutiso," akasema, "vuta."

Nikavuta. Naye akavuta. Cheni ikanyooka kabisa, mti wake ukakita chini, na kati ya mti na ncha ya mpira pakaonekana nyasi. Upana wa kidole. Refa akanyoosha mkono upande wa pili, mpira ni wa Jeddah, na Jeddah wakalala juu yake mpaka muda ukaisha. Turki alivua kofia akalia kama mtoto. Baba yake alikunja kiti, akaondoka bila kutazama upande wetu. Barasa alifungua kibanio, akaizungusha cheni vizuri mkononi kama siku zote, akaitia kwenye mfuko wake.

Ndani ya basi nilimkasirikia. Nilimuuliza kama Mkanada yule ndiye atakayemzikia mama. Sikupaswa kusema hivyo. Tulipopita kituo cha mafuta ndipo akasema, "Ningelegeza, ningemwambia nini mama? Eti nimefika kwa wizi?" Akageukia dirisha.

Jumapili asubuhi alivaa shati lake safi, akaniambia anakwenda ofisini.

Hapa sasa ndipo nilipokuwa sitaki kufika. Nilisimama mlangoni pa chumba nikamzuia. Nilimwambia bosi bado ana moto, mwanawe amelia mbele za watu, na sisi ndio tuliopima. Nilimkumbusha Mganda wa stoo na miezi yake mitano. "Ukienda leo utaharibu. Mpe wiki apoe. Subira yavuta heri, mzee." Wanepali nao wakatikisa vichwa kwamba ndivyo. Barasa alisimama na shati lake, akatutazama, akavua.

Kila asubuhi aliniuliza, na kila asubuhi nilikuwa na jibu. Jumatatu bosi hakuonekana, alikuwa bado Jeddah. Jumatano alipita uwanjani uso umekunjamana, nikasema si leo. Jumapili iliyofuata nilisikia amemfokea dereva, nikasema si leo. Barasa alipiga simu nyumbani kila jioni. Mwanzoni mama aliongea naye. Baadaye dada alikuwa akimwambia tu, "Anakusikia, endelea kuongea," naye akaendelea, kwa Kibukusu, akimsimulia sijui nini, mkono mmoja umeziba sikio ili Wanepali wasimsumbue na redio yao. Mimi nilikuwa kitandani mwangu, hatua mbili, mtaalamu wa hali ya hewa.

Jumatano ya wiki ya pili dada alipiga simu tukiwa tunanyunyizia mbolea. Barasa alisikiliza, akasema "sawa, sawa," akaweka simu mfukoni. Akamaliza ule mstari wa mbolea aliokuwa ameuanza. Kisha akaketi kwenye nyasi, na mtu mzima yule akalia kwa sauti ambayo sijaisahau. Nilimshika bega. Aliyeondoka ni mama wa watu, na mimi ndiye niliyemweka mwanawe pale.

Wengi wenu mtakapofika mtakuta mitindo kama ule wetu. Kila kambi inayo. Mtaambiwa bosi huyu usimkaribie Jumatatu, madamu yule usimwombe kitu mwezi wa mfungo, yule mwingine mngoje aje mgeni. Mengine ni kweli. Lakini wanaowaambia ni watu kama mimi, waliosimama karibu na kiti cha bosi wakadhani wameuona moyo wake. Ukiwa na jambo, nenda mwenyewe ukaulize. Akikataa, umekataliwa na yeye, hukukataliwa na mtu mnayelala naye chumba kimoja.

Sasa hakukuwa tena na cha kungojea, bosi awe amekasirika au asiwe. Tulienda ofisini wawili, na nguo zetu za mbolea. Ustadh Hatim alitazama juu ya miwani.

"Ndiyo?"

"Huruji yangu, ustadh," Barasa akasema. "Mimi ni Barasa. Mama yangu…"

Hatim hakumngoja amalize. Alivuta droo, akatoa bahasha ya kaki, akaiweka mezani. Ndani mlikuwa na pasipoti na karatasi yenye saini.

"Barasa ni wewe? Hii iko hapa tangu Alhamisi, kabla ya mechi. Bosi aliweka saini, akasema mkirudi kutoka Jeddah uchukue uende. Siku kumi na tatu iko hapa. Wenzako wote huja wenyewe kuchukua. Mbona wewe hukuja?"

Barasa aligeuka akanitazama. Nilitamani anipige, nilitamani hata anitukane. Alinitazama tu, kwa macho yale ya siku ya kwanza nilipoonja maji, kisha akaigeukia meza.

Mlango wa ndani ukafunguka, Abu Turki akatoka na funguo za gari mkononi. Alipomwona Barasa akasimama, uso ukafunguka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kiarabu changu si kizuri lakini hayo niliyaelewa yote.

"Barasa! Wewe bado uko hapa? Nilimuuliza Hatim mara mbili kama umechukua karatasi, akasema hujaja. Nikasema alhamdulillahi, basi mama yake amepona."

Barasa akaichukua bahasha mezani, akaipangusa vumbi la mbolea lililotoka vidoleni mwake.

"Aiwa, bosi," akasema. "Halas, yamekwisha. Amepona."